Mama Sayi na Njia Zilizopita Chini ya Darasa

Wasifu wa marehemu ulisomwa haraka kuliko tangazo la utaratibu wa chakula. Alizaliwa Songwa. Alisoma mpaka darasa la tatu. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja, Sayi. Kazi: mama lishe. Alipenda watu, na kifua kilimsumbua kwa muda mrefu. Kijana aliyesoma akakunja karatasi, katekista akaanzisha wimbo, na sisi tuliokaa kwenye mikeka tukainamisha vichwa. Mwanamke aliyekuwa karibu nami aliniuliza kwa sauti ya chini nilimfahamu vipi marehemu, maana hakuniona nikifanana na ndugu wala na wateja. Nikamjibu kwamba tulifanya kazi pamoja. Aliniangalia viganja. Akauliza kama na mimi nilikuwa mpishi. Nilimwambia hapana, tulikuwa tunachora ramani, naye akanishika goti kwa huruma, kama mtu anayemliwaza aliyechanganywa na msiba. Sikumlaumu. Nilirudi Kahama siku ile nikiwa na hasira nisiyojua nimwelekezee nani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka ambao mwanamke huyo aliingia katika kazi yangu, kwa sababu karatasi ile haikusema lolote juu yake.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na stashahada ya upimaji ardhi niliyoipata miezi minne kabla. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika chumba cha kupanga pale Nyasubi, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Mashine ikiwashwa, sakafu ilitetemeka, na unga mwepesi ulitua juu ya kompyuta, juu ya mafaili, juu ya chai. Tulikuwa wawili. Mwenzangu, ambaye ndiye alikuwa bosi, ni Mhandisi Mwombeki, Mhaya mpole aliyestaafu migodini na kuamua kutumia nguvu zilizobaki kwenye jambo lililomnyima raha kwa miaka mingi: mashimo yaliyoachwa. Kuanzia Kahama mpaka Geita, wachimbaji wadogo wamechimba maduara, kama wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu, yasiyohesabika, wakahama dhahabu ilipokata, na majani yakaota juu ya midomo ya mashimo. Ng'ombe hutumbukia. Watu pia. Mhandisi alitaka ramani moja itakayoonyesha kila shimo, ambayo mfugaji, mwalimu au mjenzi angeweza kuiuliza kabla ya kuweka mguu au msingi.

Watu wawili hawawezi kuitembea nchi yote ile, hivyo aliiomba redio ya mjini itangaze namba yetu ya simu. Tangazo lilisema: yeyote anayejua shimo lililoachwa atume ujumbe. Neno lile "yeyote" alilichagua mwenyewe, na baadaye lilimtesa. Ujumbe uliingia kama mvua. Wapo walioeleza vizuri mpaka ukaona majani ya mahali penyewe. Wapo waliotuma matusi, na wapo waliotuomba tuwatafutie wachumba. Halafu akaja mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyetaka kuwafukuza watu kwenye kilima fulani; alitumia namba tano tofauti kutuletea mashimo ya uongo, nasi tukayaweka yote kwenye ramani. Mfugaji mmoja aliiamini ramani, akakikwepa kilima kile, akaswaga ng'ombe wake upande wa pili ambao kwetu ulionekana salama, kumbe tu hakuna aliyekuwa ameutaja. Ndama wawili walitumbukia shimoni mbele ya macho yake. Alikuja ofisini na kipande cha kamba iliyokatika, akakiweka juu ya meza, akatoka bila kuaga. Mhandisi alikaa akiitazama kamba ile mpaka mashine ya jirani ikazimwa.

"Leo ni ndama, Zuhura," aliniambia. "Nikiacha mlango wazi kwa kila mtu, nauacha wazi kwa mwongo pia."

Kesho yake alitunga utaratibu mpya. Kuanzia mwezi uliofuata, atakayeruhusiwa kuleta taarifa ni mwenye cheti cha kidato cha nne, aliyehudhuria mafunzo yetu ya siku mbili. Aliandika fomu, akaenda Shinyanga kuzungumza na waliotusaidia kuendesha mradi, na mimi akaniachia kazi ya kusafisha ramani. Nilikubaliana naye kabisa. Ni lazima niseme hivyo leo, kwa kuwa miaka hii nimezoea kusimulia kana kwamba tangu mwanzo nilikuwa upande wa haki. Nilikuwa na stashahada mpya, na ilinipendeza kusikia kwamba karatasi kama yangu ndiyo itakayofungua mlango.

Kulikuwa na namba moja ambayo nilikuwa nikiisubiri kwa hamu ya kuifuta. Katika wiki mbili ilikuwa imetuma ujumbe thelathini na nne, wote kutoka machimbo mamoja madogo yaliyo kati ya Kahama na Geita, ambayo sitayataja jina. Wenye watoto pale wanayajua. Hakukuwa na picha hata moja. Hakukuwa na vipimo vya mahali vinavyotolewa na simu. Ulikuwa mwandiko wa kitochi, simu ndogo ya vitufe, herufi ndogo mwanzo mpaka mwisho: "duara la subira. toka kona ya josho hatua 60 kwa jua linapozama. juu limefukiwa chini liko wazi. mama sayi." Maneno hayo ya mwisho, juu limefukiwa chini liko wazi, yalijirudia karibu kila mara, na ndiyo yaliyonikasirisha. Nilijiuliza ni nani anayeweza kujua hali ya chini ya shimo lililofukiwa, kama si mtunga hadithi. Mchana mmoja niliufuta ujumbe wote thelathini na nne. Mahali pa kuandika sababu niliandika: mchangiaji haaminiki. Kisha nikaenda kula.

Sikukumbuka kwamba kompyuta yetu ilimpelekea kila mchangiaji taarifa pale mchango wake ulipoondolewa. Baadaye Sayi alinisimulia jinsi simu ya mama yake ilivyolia mara thelathini na nne mfululizo, iko juu ya gunia la mchele, wateja wakicheka na kuuliza mama anatafutwa na nani. Asubuhi iliyofuata jibu lake lilikuwa kwenye kioo changu. "zingine sawa. ya shule msiondoe. watoto wanakaa juu yake." Nilirudi kwenye orodha ya nilivyofuta, nikalitafuta shimo hilo, nikaweka hatua alizozitaja juu ya picha ya anga. Zilipita pembeni mwa vyoo vya shule ya msingi, zikaishia katikati ya bati jipya linalong'aa. Nilimpigia Mhandisi mara tatu, hakupatikana. Nilikaa kidogo, chai ikapoa na unga ukaelea juu yake. Sikuamini bado. Lakini sikuweza tena kukaa, nikafunga ofisi nikaondoka.

Kibanda chake kilikuwa cha turubai na nguzo nne, mwanzoni mwa njia ya kwenda kwenye maduara. Nilimkuta amepiga magoti akipuliza moto, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye kikohozi kifupi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniambia nikae, chakula kinaiva. Nilipojitambulisha kwamba natoka kwenye ramani, aliacha kupuliza. Alinitazama, akauliza swali moja.

"Ni nani aliyeondoa?"

Nilisema mashine. Nilimweleza kwamba kompyuta huondoa yenyewe taarifa zisizo na picha. Yalinitoka kwa urahisi ulionishangaza. Akatikisa kichwa taratibu, akaniwekea ugali wa mtama, nsansa, mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga na bakuli la maziwa mgando, akaenda kuwahudumia wachimbaji waliokuwa wakiingia.

Nilikula na kusikiliza, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa polepole. Wachimbaji walikaa kwenye mabenchi, vumbi limewafanya wote wawe na rangi moja, wakizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma. Mmoja alisema leo wamegeukia kulia kwa sababu mwamba wa mbele umekuwa mgumu. Mwingine akasema tangu jana anasikia nyundo za watu upande wa chini, hajui ni za nani. Wa tatu akalalamika kwamba kamba imepungua, wameshuka pima kumi na mbili. Yalikuwa mazungumzo ya watu waliochoka, hakuna aliyemweleza mwenzake jambo kubwa. Lakini kila walipotaja pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, au upande, nilimwona Mama Sayi akisimama nukta moja, mwiko mkononi, kisha akaendelea kupakua.

Walipoondoka alitandaza majivu kwa kiganja na kunichorea kwa mpini wa mwiko. Hapo zamani, alisema, kulikuwa na makundi mawili yenye uadui, moja la duara la Subira na jingine la upande wa josho. Kila kundi lilifuata mkanda uleule wa dhahabu na kila moja lilificha lilikofika, maana kama lingebainika kwamba limeingia eneo la mwenzake, mapanga yangetoka. Hakuna mchimbaji aliyejua njia zote. Lakini wote walikula kwake. Hawa wakila saa sita, wanasema wamekwenda kushoto pima nane. Wale wakila saa nane, wanasema wamesikia nyundo kichwani kwao. Naye aliyaunganisha. Hakusema kwa mtu, kwa sababu angesababisha damu. Aliyaweka kichwani mwaka baada ya mwaka, akichora juu ya majivu na kufuta. Alijua njia hizo mbili zilikutana, zikaacha uwazi mkubwa kama chumba. Makundi yakahama, wenye kijiji wakamwaga udongo kwenye midomo, pakawa uwanja. Miaka mingi baadaye shule ikaongeza darasa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema walipokuwa wakijenga. Akasema alisema. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaambiwa arudi jikoni. Kisha siku moja akasikia redio. "Wangesema wanamtaka mtaalamu, ningeendelea kuosha vyombo," aliniambia. "Walisema yeyote. Nikamwambia Sayi anifundishe kuandika ujumbe." Alijifunza herufi upya akiwa na umri huo, kidole kikitafuta vitufe kimoja kimoja, ili aniandikie mimi, nami nilikuwa nimemfuta wakati wa chakula cha mchana.

Jioni hiyo tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mtu wa kazi, shati limepigwa pasi vizuri, na nilimwona akitupima: mwanamke anayewapikia walimu chai, na binti wa mjini asiye na barua. Alituonyesha darasa. Lilikuwa zuri. Wazazi walibeba mchanga kwa vichwa vyao, akasema, miaka mitatu. Kabla ya hapo watoto wa darasa la nne walisomea juani. Leo awatoe nje kwa sababu ya habari za kwenye majivu? Nilijaribu kutumia maneno ya chuoni na yakanisaliti, kwa kuwa aliniuliza kama mimi mwenyewe nimepima chochote, nikasema hapana. Aliniuliza kama shimo hilo liko kwenye ramani yetu. Mama Sayi akajibu badala yangu kwamba lilikuwepo, likaondolewa. Mwalimu alicheka bila furaha.

Kitu pekee alichokubali ni hiki: Mama Sayi alisema nyuma ya vyoo palikuwa na tundu la hewa ambalo wachimbaji walilitoboa ili kupumua, na kwamba liliezekwa magogo likafunikwa. Kama tungeweza kulichimbua bila kusumbua masomo, tuchimbue. "Msipokuta kitu," alisema, "mtafukia mlichochimba na sitaki kusikia tena." Mwenyekiti wa kamati alipopata habari, akaahidi kuja kutazama aibu yetu kwa macho yake.

Alikuja kweli, kesho yake saa tatu asubuhi, akaketi kwenye kiti alichobebewa. Mama Sayi alikuwa amemleta Masanja, mchimbaji wa siku nyingi mwenye sikio moja lisilosikia, pamoja na wenzake wawili. Kutoka darasani, hatua chache tu, tulisikia watoto wakisoma kwa pamoja. Mama Sayi alianzia kwenye kisiki cha mgunga, akahesabu hatua kwa midomo bila sauti, akasimama, akaonyesha kwa kidole cha mguu. Wakachimba. Kufikia saa nne walikuwa kwenye mwamba mtupu, mgumu, ambao haujawahi kuguswa. Mwenyekiti aliinuka, akajinyoosha, akaketi tena. Mwalimu Mkuu aliangalia saa yake. Mimi nilitamani ardhi ile iwe na shimo ili niingie.

Mama Sayi alirudi kwenye kisiki akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akainama akagusa gome lake na kusema, kama anayejisemea, kwamba huu si ule mti. Ule aliokuwa akiujua ulikuwa umekatwa na mizizi kung'olewa. Huu ulikatwa juzijuzi. Nilimsikia mwenyekiti akiguna. Yeye akaenda mpaka kwenye josho la zamani, kuta zake za saruji bado zimesimama, akashika kona, akaanza upya. Alitembea polepole sana. Kikohozi kikamshika njiani, akasimama na mguu mmoja mbele, asiusogeze asije akapoteza hesabu, akakohoa mpaka kikaisha, akaendelea. Alikuja kusimama hatua saba kutoka tulipochimba mwanzo.

"Hapa," alisema.

Sururu ya Masanja ilizama mara ya nne kwa sauti tofauti. Waliondoa udongo kwa mikono. Yakatokea matimba, magogo ya wachimbaji, yaliyooza, yakivunjika kama michembe ya viazi vikavu, na walipoliinua la tatu, hewa ya vuguvugu ilitupanda usoni, yenye harufu ya udongo mbichi na baruti ya kale. Watoto darasani waliendelea kusoma.

Masanja alifungwa kamba kiunoni, yenye fundo kila pima, ili tujue amefika wapi. Kabla hajashuka, Mama Sayi alimweleza njia kwa Kisukuma, na Mwalimu Mkuu akanitafsiria kwa sauti iliyokuwa imepungua: pima tano kwenda chini, kisha kushoto, pima tisa, usiguse ukuta wa kulia. Kamba ikaanza kuteleza. Tulihesabu mafundo. Matano. Ikasimama, ikalegea, ikaanza kwenda upande. Jua lilikuwa kichwani. Nilihesabu sita, saba, nane. Katika fundo la tisa kamba ikasimama, na haikusogea tena kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Mwenzake mmoja akaishika kwa mikono miwili kana kwamba anasikiliza mapigo ya moyo. Kisha ikavutwa mara mbili, ndiyo ishara ya kurudi.

Alipotoka hakusema na sisi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Sayi, akachuchumaa mbele yake, akazungumza Kisukuma, kwa sauti ya chini kabisa. Nilimwona Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akisikia, akishika ukuta wa choo. Nikamvuta mkono, nikauliza amesema nini.

"Amesema kule ndani kuna uwazi anaoweza kusimama wima, asiguse juu," Mwalimu alinijibu. "Amesema amewasikia watoto. Wanasoma jedwali la saba. Amesema udongo unamdondokea wanapogonga miguu."

Ndiyo, waligonga miguu. Sisi sote tulisoma hivyo, kila jibu na kishindo. Watoto tisini na kitu, saba mara nane hamsini na sita, wakishindilia sakafu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amesimama, na nadhani alitaka kupiga kelele kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi, lakini Mama Sayi alimshika mkono. Alisema wakikimbia watakwenda wote chini. Mwalimu Mkuu alivua viatu. Nilimwona akitembea juu ya nyasi kuelekea dirishani, mtu mzima mwenye tai, soksi zake zimetoboka kisigino, akamwita mwalimu wa darasa lile kwa kidole. Alikuwa msichana wa rika langu, jina lake Neema. Hakumweleza mengi. Niliona uso wake ukibadilika na kisha, kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, ukarudi kuwa uso wa mwalimu. Akageuka akawaambia watoto wavue viatu wavishike mkononi, watoke mstari mmoja mmoja, na watembee kama ambavyo mtu hutembea nyumbani wakati kuna mgonjwa amelala.

Walitoka. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kushika pumzi kwa muda mrefu namna hiyo. Wengine walitabasamu, wakidhani ni mchezo. Mmoja alisahau daftari, akataka kurudi, Neema akamshika bega bila kusema. Neema alitoka mwisho, akafika kwenye mlingoti wa bendera, akaketi chini na gauni lake zuri, akaanza kulia. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na Jumamosi asubuhi sakafu ya darasa ikaondoka katikati, madawati yakaingia ndani. Kulikuwa na uzio wa miiba pande zote. Hapakuwa na mtu.

Lakini siku yenyewe, mchana ule, tulirudi kibandani, na hakuna aliyekuwa na njaa isipokuwa Mama Sayi, aliyesema wateja watafika na wali haujapikwa. Nilimsaidia kuchambua mchele. Nilimwambia bila kuinua kichwa kwamba si mashine iliyoondoa ujumbe wake, ni mimi, na nikamwambia na sababu niliyoiandika.

"Nilijua," alisema. "Mashine haioni aibu. Wewe tangu jana hujanitazama usoni." Akachukua ungo mikononi mwangu kwa sababu nilikuwa nikimwaga mchele pamoja na mawe. "Ng'wanawane, mwanangu, ulikuwa na kazi yako na mimi nilikuwa sina picha. Lakini ungekuja kwanza ukatazama, ndipo ufute."

Mhandisi alirudi na fomu zake, zimekwisha kuchapwa, bunda zima. Nilimsimulia wakati mashine ya jirani ikinguruma, ikabidi nirudie mara mbili. Hakukubali haraka, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema mtu mmoja aliyesema kweli hafuti namba tano zilizosema uongo, na kamba ya yule mfugaji bado ilikuwa kwenye droo yake. Tulibishana mpaka saa ya kufunga. Nilimuuliza, kama utaratibu ungeanza mwezi mmoja kabla, huyu mama angepita kwa mlango gani. Kesho yake alikwenda peke yake mpaka kibandani, akaketi kwenye benchi la wachimbaji, akala, akauliza maswali kwa saa mbili kama alivyokuwa akiwahoji wahandisi vijana. Alirudi na fomu nane ambazo nyuma zilichorwa njia za chini ya ardhi kwa kalamu, na vipimo vyote kwa pima.

"Kule mgodini nilifanya kazi na watu wenye shahada mbili," aliniambia, "na sikumpata hata mmoja anayeweza kuona chini kama yule mama anavyoona." Akaziweka fomu juu ya meza. "Tumekuwa tukikagua watu, Zuhura. Tulipaswa kukagua mashimo."

Mlango ukabaki wazi. Kilichobadilika ni kwamba hakuna taarifa iliyowekwa kwenye ramani wala kufutwa bila mtu kwenda kuona, na kwa kazi hiyo Mhandisi aliwatafuta watu miongoni mwa walewale waliotuandikia. Wa kwanza alikuwa Mama Sayi. Alikataa mara mbili, akisema nani atapika. Mara ya tatu alimwachia Sayi kibanda siku za Jumatano na Alhamisi, akaja Nyasubi akiwa amevaa kitenge kipya, akaketi kwenye kiti changu, na mimi nikasimama nyuma yake kumsomea kioo.

Wiki yake ya kwanza uliingia ujumbe kutoka upande wa Ushirombo. Ulikuwa hauna picha wala jina, maneno yameshikana, nusu Kisumbwa. Ulisema kuna shimo mbugani na kwamba asubuhi linatoa moshi bila moto, mchana linavuta majani ndani. Nilicheka. Nikasema huyu amelewa, au ni wale wa mizimu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe.

Mama Sayi aliniomba nimsomee tena. Akafumba macho. Akasema asubuhi nje kuna baridi na chini kuna joto, hewa hupanda ikaonekana kama moshi, mchana hugeuka. Na shimo lenye kuvuta na kutoa lina mlango mwingine mahali fulani, kwa hiyo si moja, ni mawili. "Mwongo atakuambia urefu," alisema. "Hatakuambia habari za pumzi yake." Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaniuliza gari la Ushirombo linaondoka saa ngapi.

Tulimpata aliyetuma ujumbe ule mchana wa siku ya pili. Alikuwa mjane Msumbwa, mfinyanzi, ambaye kwa kutafuta udongo mzuri wa vyungu alikuwa ameikagua mbuga ile kwa mikono yake, shimo baada ya shimo, kwa muda wa miaka. Alipoona wageni wawili wakiingia uani, mmoja ameshika makaratasi, alisimama na mikono yenye udongo, akauliza kama ujumbe wake ulikuwa kosa, na kama tumekuja kumkamata.

"Hapana, dada," Mama Sayi alimwambia. "Tumekuja utuonyeshe."